Nani Mwenye Jengo la Kale? Ujenzi Mpya Katikati ya Miji ya Bara, kwa Kuanzia Mgori

Mgori haina ghorofa. Ni kata ya Wilaya ya Singida, mashariki mwa mji wa Singida, nchi ya mtama, uwele, alizeti na mifugo. Kuzungumzia majengo ya kale ya katikati ya jiji mbele ya watu wake kunaweza kuonekana kama kumuuzia mchunga mbuzi nyavu. Hata hivyo semina hii haitakosea ikianzia huko. Mgori inajua mambo mawili ambayo maofisa mipango miji wengi huyajua kwa kusoma tu: jinsi jengo linavyokufa, na jinsi mali ya wote inavyopata mwenyewe.

Jengo kwanza. Tembe la Wanyaturu lilisimama juu ya nguzo zenye panda zilizochimbiwa ardhini. Juu ya panda yalilazwa magogo, juu ya magogo fito, kisha majani, na mwisho udongo ulioshindiliwa mpaka paa likawa bapa. Nyumba ya namna hiyo haikuwa na adui mkubwa kuliko ufa wa paa. Kila mwaka, kabla mvua za Desemba hazijaanza, mtu alipanda juu na kukandika upya. Familia ikihama msimu mmoja maji yanapenya, mchwa wanafuata, msimu wa pili magogo yako chini na kuta za udongo zimeanza kurudi shambani. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na watu wakahamishwa kwa mamilioni hadi 1976, matembe mengi ya mikoa ya kati yalibaki bila mtu wa kupanda juu ya paa. Mengine yalibomolewa, mengine yaliachwa tu, na yaliyoachwa hayakuchukua muda kuungana na yaliyobomolewa.

Jambo la pili ni msitu. Msitu wa Mgori ni miombo ya karibu hekta 40,000, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa inaelekea kuutangaza hifadhi yake. Ulikuwa wa kila mtu, kwa hiyo haukuwa wa mtu. Ikachukuliwa njia nyingine, ambayo vijiji vya msitu wa Duru-Haitemba kule Babati vilikuwa vimeifungua 1994: vijiji vitano, Pohama, Ngimu, Unyampanda, Nduamughanga na Mughunga, viligawana msitu kwa mipaka, vikatunga sheria ndogo chini ya sheria za serikali za mitaa za 1982, vikateua walinzi wao wenyewe. Sheria ya Misitu ya 2002 ilikuja baadaye kuutambua kisheria utaratibu ambao Mgori ilikwisha kuutumia miaka kadhaa. Msitu haukugeuka pepo kwa hilo. Moto na wakata mbao hawakukoma kwa kusomewa sheria ndogo. Lakini lilipotokea jambo, palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Sasa twende mjini.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara, ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. La baadaye linalindwa tu iwapo waziri mwenye dhamana amelitangaza. Mwaka huo ukiupeleka pwani una maana: Kilwa, Bagamoyo, Kunduchi kuna kuta za miaka mia kadhaa. Ukiuleta bara unakuta karibu hakuna kitu. Tembe la Kwihara nje ya Tabora, ambamo David Livingstone alikaa 1872, lilijengwa 1857 na linapita kwa kusukumwa. Lakini boma la Kilimatinde, boma la Mkalama, maduka ya Kihindi yenye baraza mbele, stesheni za Reli ya Kati, makanisa, misikiti na jamatini, vyote ni vya baada ya mstari huo. Kwa sheria hiyo peke yake, katikati ya mji wowote wa bara ni uwanja mtupu mpaka mtu aandike barua wizarani.

Na barua haziandikwi, kwa sababu anayelitumia jengo mara nyingi si mwenye jengo. Hapo inabidi kurudi Aprili 1971, Sheria ya Kutaifisha Majengo ilipopita na nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 zikachukuliwa na serikali. Nyingi zilikuwa za Watanzania wenye asili ya Kiasia, na nyingi zilikuwa katikati ya miji. Zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Hadi leo wazee wakisema “nyumba ya Msajili” kila mtu anajua ni ipi. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na shirika likajikuta ndilo mwenye viwanja bora vya katikati ya miji karibu yote ya nchi. Kwa miaka mingi kodi ilidhibitiwa, na kodi ndogo hainunui bati. Mpangaji hakuezeka kwa kuwa nyumba si yake, na mwenye nyumba hakuezeka kwa kuwa kodi haitoshi. Mvua haikusubiri wakubaliane.

Ndipo ukaja ubia. Shirika linatoa kiwanja, mwekezaji anatoa fedha, nyumba ya ghorofa moja inavunjwa, linapanda jengo la ghorofa kumi au zaidi, na pande mbili zinagawana. Sera mpya ya ubia ilizinduliwa 2022 baada ya ile ya awali kusuasua. Mpango wenyewe hauna ubaya. Miji inahitaji ofisi na makazi, na kujenga kwenda juu ni afadhali kuliko kumeza mashamba pembezoni. Mwandishi wa mada hii haoni sababu ya kumlilia kila mwenye tofali la zamani. Anachosisitiza ni kwamba hatima ya mtaa wa kale huamuliwa ndani ya mkataba wa ubia na kwenye meza ya kibali cha ujenzi, na meza hizo mbili hazina kiti cha mtu wa mambo ya kale. Yeye huitwa jengo likishafika magazetini.

Dar es Salaam imeonyesha pande zote za jambo hili. Jengo la Salamander, Barabara ya Samora, lilikwenda na sasa linaishi katika picha na kumbukumbu za waliokunywa kahawa pale. Lakini Boma la Kale, lililojengwa enzi za Sultani Majid miaka ya 1860, bado liko Sokoine Drive, likiwa limezungukwa na minara ya vioo, ukiwemo wa Mamlaka ya Bandari. Ndani yake kimewekwa kituo cha urithi wa usanifu majengo, DARCH, kwa juhudi za Chama cha Wasanifu Majengo na washirika wake, na mgeni akiingia anakuta maonyesho ya jinsi jiji lilivyojengwa. Mnara wa jirani haukuliua Boma. Boma lina kazi, lina watu wanaofungua madirisha asubuhi, na lina anayeona tone la maji dari linapoanza kulowa.

Mfano wa Kariakoo ni mzito zaidi, kwa kuwa unahusu jengo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la kale. Soko Kuu lilisanifiwa na Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki, likafunguliwa 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake, unaokinga mvua na kuruhusu upepo upite kati ya mmoja na mwingine. Anayeuza nyanya chini yake hahitaji kuelezwa faida ya hewa ile. Julai 10, 2021 soko likaungua. Ilikuwa rahisi kabisa kusema basi, livunjwe, tujenge la kisasa. Badala yake la Amuli likakarabatiwa, na jipya la ghorofa kadhaa likajengwa pembeni. Kwa macho ya mwaka 1863 jengo lile ni mtoto mchanga. Kwa macho ya jiji ni urithi kuliko magofu mengi.

Upya, kwa upande wake, si dhamana ya uimara. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Wanaosema jengo la kale livunjwe kwa sababu ni hatari wakumbuke tarehe hiyo kabla ya kutia saini.

Kwa mji wa kiasi, lakini, Dar es Salaam si kioo kizuri. Fedha zake ni nyingine. Iringa inafanana zaidi na Singida. Pale juu ya kilima kuna jengo la mawe la enzi za Mjerumani, lililoanza kama hospitali ya jeshi, Mwingereza akaligeuza ofisi za utawala, na baada ya uhuru likabaki ofisi ya serikali. Kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, likafunguliwa 2016 kuwa makumbusho ya mkoa. Wanafunzi huingia hapo kusoma habari za Wahehe na Mkwawa bila kupanda basi la Dar es Salaam. Mikindani kule Mtwara ilikwenda kwa njia ya biashara: boma la 1895 lilikuwa limechoka kabisa, shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid likalichukua miaka ya 1990, likalifanya hoteli na mahali pa kufundishia vijana kazi za hoteli. Moja ni makumbusho, jingine ni vyumba vya kulala wageni. Yote mawili yana paa zima.

Ufundi nao una lake. Kuta za maboma ya zamani zilijengwa kwa mawe na chokaa, na chokaa hupumua. Unyevu unaoingia hutoka. Fundi wa leo akija na saruji, akapiga lipu ngumu juu ya ukuta wa chokaa, ukuta unapendeza mwaka wa kwanza. Halafu unyevu uliofungiwa ndani unatafuta njia, lipu inavimba, inabanduka kwa vipande vikubwa, na jiwe la ndani linatoka likiwa unga. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja wanalijua hili kwa moyo, kwa kuwa wamelazimika kurudia kazi za wenzao. Zabuni ya ukarabati ikiandikwa “lipu ya saruji na rangi”, fedha ya umma imelipia uharibifu.

Unguja yenyewe inatoa onyo la namna nyingine. Mji Mkongwe una kila kinachoombwa na miji ya bara: mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, mpango wa uhifadhi wa 1994, jina katika orodha ya UNESCO tangu 2000. Pamoja na hayo Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, lilikaa miaka likiwa limefungwa kwa ubovu, na Desemba 25, 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka na kuua watu wawili. Karatasi zilikuwepo zote.

Dodoma, jirani wa Singida, ilifanya uamuzi ambao haujadiliwi vya kutosha. Serikali ilipohamia kweli, wizara hazikubanwa katikati ya mji mkongwe wa reli. Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba Aprili 2019, kilomita kadhaa mashariki. Uzito wa ofisi ukaenda kwenye ardhi tupu. Hiyo imeupa mtaa wa zamani nafuu, ingawa nafuu ina hatari yake. Kilimatinde ilikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani kwenye ukingo wa Bonde la Ufa; reli ikapita chini, makao ya wilaya yakawa Manyoni, na mji ukadumaa. Hakuna ghorofa lililokwenda kuisumbua Kilimatinde. Mtaa unaoachwa bila shughuli hubomoka taratibu, bila tingatinga na bila kelele.

Kwa hiyo mada hii haiombi Singida isimamishe ujenzi. Inaomba ifanye mjini kile ambacho Mgori ilifanya porini. Wenyeviti wa mitaa watembee na ofisa mipango miji, waandike majengo yanayostahili kubaki, jengo kwa jengo: nani mwenye hati, nani mpangaji, paa likoje. Orodha hiyo ipitishwe na baraza la madiwani kuwa sheria ndogo, kwa kuwa mamlaka ya kutunga wanayo na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inatambua uhifadhi wa majengo yenye thamani ya kihistoria. Kibali cha kubomoa au kujenga kwenye kiwanja kilichomo ndani ya orodha kisitoke kabla kamati ya mtaa na ofisa utamaduni hawajatia maoni yao, kwa muda uliowekwa, ili mwekezaji asizungushwe. Na mkataba wowote wa ubia kwenye kiwanja hicho useme wazi kama uso wa mtaani na baraza vinabaki, na jengo jipya linaanzia nyuma kwa hatua ngapi.

Kuna swali la fedha, na hapo wajumbe huanza kuangalia saa. Kuandika orodha hakugharimu zaidi ya posho na kamera ya simu. Kinachogharimu ni bati, mbao na chokaa. Majengo mengi ya aina hii yana maduka chini, na maduka hulipa kodi kila mwezi. Pendekezo ni kwamba sehemu ya kodi hiyo, kiwango kikipangwa na mwenye jengo pamoja na wapangaji wake, iwekwe kando kwa ajili ya paa la jengo hilohilo kabla haijaingia kwenye mfuko wa jumla, na hesabu yake isomwe kwenye mkutano wa mtaa kila Novemba, wiki chache kabla ya mvua, wakati fundi bado anaweza kupanda juu.