Mganga Anapovuka Mpaka Wakati wa Hatari



Leo tuna swali moja: mganga mwenye kibali cha kazi upande huu wa mpaka, anaweza kutibu watu upande wa pili wakati wa hatari? Wengi hudhani ni jambo la maofisi tu. Lakini tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbilia Gisenyi. Mapema mwaka 2025 vita vilisukuma maelfu kwenda Burundi. Kati ya wakimbizi huwamo wauguzi. Vyeti vyao visipotambuliwa, wanakaa bila kazi kando ya wagonjwa wanaosema lugha yao.

Wamarekani walikutana na shida hiyo ndani ya nchi yao, maana kule kila jimbo hutoa vibali vyake. Majimbo yakafanya mapatano, na Bunge lao likayakubali mwaka 1996. Kwanza, jimbo lenye hatari ndilo linaloomba msaada. Pili, kibali cha mganga aliyetumwa kinahesabiwa kuwa halali huko, kwa masharti ya gavana wa huko. Tatu, akishtakiwa kwa sababu ya kazi hiyo, anahesabiwa kama mtumishi wa jimbo lililomwita. Lakini tufani ya Katrina ilipopiga New Orleans Agosti 2005, pengo lilionekana: mapatano yaliwahusu waliotumwa na majimbo, siyo waliojitolea wenyewe. Mwaka 2006 ikaandikwa sheria ya mfano ili wenye kujitolea waandikishwe katika daftari na vibali vyao vikaguliwe haraka.

Na sisi je? Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya hiyo, iliyoanza kazi mwaka 2010, inataka nchi zitambuliane vyeti vya elimu na vya kazi. Mlango upo. Kazi iliyobaki ni kuupitia.

Tena, karatasi peke yake haitoshi. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa Kongo. Waganga walitoka nchi nyingi, lakini uvumi ulikuwa mwingi na vituo vya matibabu vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa Butembo, ndani ya hospitali. Kibali humfungulia mganga mlango wa serikali. Mlango wa kijiji hufunguliwa na wanakijiji wenyewe.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Vyama vya waganga vya nchi jirani vibadilishane orodha za watu waliokaguliwa, sasa, kabla ya hatari. Mapatano yaseme wazi mgeni atafanya kazi chini ya nani, kwa muda gani, na nani atajibu kosa likitokea. Na mganga mgeni asiingie mtaani bila kutambulishwa na mwenyeji anayeaminiwa: chifu, mchungaji, imamu au mama kiongozi.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tumtayarishie mgeni huyo njia, ili siku tutakapomwita asizuiliwe mpakani wala asiogopwe kijijini.