Jengo Tutakaloweza Kulikarabati Wenyewe: Usanifu Endelevu wa Kituo cha Utamaduni Kikoneni

Utangulizi



Tukitaja jengo endelevu, wengi wetu tunawazia paneli za sola na michoro ya kupendeza. Hoja yangu leo ni nyepesi zaidi, na pengine ngumu zaidi kuitekeleza: kituo cha utamaduni hapa Kikoneni kitadumu iwapo kila sehemu yake, kuanzia msingi hadi paa, inaweza kukarabatiwa na fundi wa hapahapa kwa kifaa kinachopatikana hapahapa. Kinachoharibika na kumsubiri mtaalamu kutoka mbali huishia kufungwa kufuli.

Shughuli ziamue umbo

Ndani ya kaya, makao matakatifu ya msituni ya Wamijikenda, palikuwa na moro, mahali pa wazee kukutania na kuamua mambo ya jamii. Sisi nasi tuanze na mahali pa kukutania, vyumba vifuate. Ngoma ya sengenya inataka uwanja wa kuchezea na watazamaji wazunguke. Kilumi ya jirani zetu Wakamba nayo vivyo hivyo. Napendekeza ukumbi mkubwa usio na kuta katikati, na pembeni vyumba viwili vya kufungwa: kimoja maktaba na ofisi, kingine ghala la ngoma na mavazi. Ghala liwe kavu na lisipitishe panya, kwa maana ngozi ya ngoma ikishika unyevu hulegea, na panya akiipata haisalimiki.

Upepo, jua na mvua

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Jengo likilazwa kwa urefu toka mashariki hadi magharibi, pande zake ndefu zitapokea pepo zote mbili, huku jua kali la asubuhi na alasiri likigonga pande fupi tu. Paa litokeze mita moja au zaidi nje ya kuta, ili mvua ya masika isizichape na baraza ipate kivuli.

Juu ya ukumbi napendekeza makuti. Aliyewahi kuhudhuria mkutano chini ya bati wakati mvua inanyesha anajua kwamba msemaji hunyamaza mpaka ipite. Makuti humeza kelele na joto, mradi paa liwe na mwinuko mkali ili maji yateremke haraka; paa la kulala huoza mapema. Vyumba vya pembeni viezekwe bati kwa ajili ya kuvuna maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 80 za mraba, penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 80,000. Hata moja ya tano ikipotea, lita 64,000 huingia tangini.

Vifaa: tulivyo navyo na tusivyoruhusiwa kugusa

Zamani boriti zilitoka mikokoni na misituni. Leo kaya zina ulinzi wa mila na wa sheria. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa za Wamijikenda katika Orodha ya Urithi wa Dunia, Kaya Kinondo ya Diani ikiwemo. Mgeni anayeingia Kinondo hufungwa kaniki na haruhusiwi kutoka hata na kijiti. Mikoko ya Gazi nayo inalindwa na wanakijiji wenyewe kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Itakuwa aibu kujenga nyumba ya utamaduni kwa kuukata utamaduni. Boriti zetu zitoke kwenye mivinje iliyopandwa mashambani, na miguu yake isimame juu ya viatu vya zege ili mchwa asiifikie.

Kuta ziwe za matofali ya kushindilia, yale mafundi huyaita intaloki: udongo uliochekechwa, saruji kidogo, mashine ya mkono. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni. Yanachotaka ni uvumilivu: yafunikwe na kumwagiwa maji kwa wiki kadhaa kabla ya kujengewa. Msingi uwe wa mawe, uinuke juu ya ardhi.

Njia hii imeshajaribiwa. Msanifu Francis Kéré alijenga shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, kwa matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo, na kuinua paa la bati juu ya dari ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Wanakijiji ndio walioijenga. Shule ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker.

Nani atakarabati?

Makuti huchakaa baada ya miaka michache. Wengi huona hiyo ni kasoro. Mimi naiona kama kazi ya kudumu kwa akina mama washonaji, na nafasi ya vijana kujifunza kuezeka. Lakini kazi hiyo hailipwi kwa shukrani. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka shughuli za utamaduni chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo tuna haki ya kudai fungu la matengenezo katika bajeti ya kaunti yetu ya Kwale, mbali na fungu la ujenzi.

Mapendekezo

1. Hati ya kiwanja ipatikane kabla ya tofali la kwanza.
2. Fundi mkuu awafunze vijana wa Kikoneni kazini, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba.
3. Sehemu ya ada za harusi na mikutano iwekwe akiba ya paa.
4. Mivinje ipandwe sasa kwa ukarabati ujao.
5. Jengo likaguliwe kila mwaka kabla ya masika, na ripoti isomwe barazani.

Hitimisho

Michoro inaweza kubadilika tukishauriana. Ninaloomba lisibadilike ni mpangilio wa maamuzi: tukubaliane kwanza nani atatunza jengo na kwa fedha zipi, kisha ndipo tumwite msanifu. Naukaribisha mjadala uanzie kwenye pendekezo la tatu, kwa kuwa hapo ndipo mifuko yetu inapohusika.