Noa Kisu Kabla ya Kuchuna

Ndugu wafugaji, nimeombwa nizungumze juu ya ngozi, lakini nitaanza na kisu, maana ngozi nyingi zinaharibika siku ya kuchinja.

Mnunuzi akifika huitandaza ngozi, huigeuza upande wa nyama na kutafuta mikato. Tundu moja mgongoni linaishusha daraja, hata kama ng'ombe alikuwa mnono na hana kovu la kupe wala chapa. Umemtunza miaka mitano, kisu kinakuharibia kwa dakika moja. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi nilitoboa ngozi ya fahali mara nne kwa kisu butu. Kisu butu hukipitishi kwa ulaini; unakikandamiza, kikipata njia kinaruka na kuingia kwenye ngozi, au kwenye kidole chako.

Wengi tuna kisu kimoja cha kazi zote. Ukiweza, tenga viwili: cha kuchinjia kirefu kilichonyooka, na cha kuchunia kifupi, makali yamepinda kuelekea juu, ncha ya mviringo isiyochoma. Kuni na mifupa iachie panga na shoka.

Vifaa vya kunolea usinunue vingi. Kinoo kimoja cha pande mbili kinatosha, upande mmoja wa kukwaruza, mwingine laini. Kiwe bapa kabisa; kilichobonyea katikati huharibu makali. Jiwe bapa la mtoni lenye chembe ndogo nalo linafaa. Tupa ni ya kisu kilichomeguka makali tu, maana hula chuma haraka. Fundi wa cherehe pale mnadani anapendwa kwa sababu anamaliza upesi, lakini makali yakigeuka rangi ya buluu, chuma kimeungua na kupoteza ugumu. Mwambie akipoze kwa maji kila mara.

Sasa kunoa kwenyewe. Loanisha kinoo, kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Laza kisu, kisha nyanyua mgongo wake kiasi cha unene wa kidole kidogo. Pembe hiyo usiibadilishe. Hapo ndipo wengi tunakosea: mkono unayumba, makali yanakuwa mviringo. Sukuma kisu kama unayetaka kukwangua utando mwembamba juu ya jiwe, kuanzia mpinini hadi nchani. Noa upande mmoja tu kwanza. Halafu papasa upande wa pili kwa kidole gumba, ukitoka mgongoni kuelekea nje, wala usipitishe kidole kwa urefu wa makali. Ukisikia mkwaruzo mdogo kutoka mpinini hadi nchani, geuza kisu. Usipousikia, endelea. Rudia kwa upande laini kwa mkono mwepesi, umalizie kwa kukiburuta kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Kikikata karatasi bila kuichana, kiko tayari.

Fanya hivyo jioni ya kuamkia siku ya kuchinja. Waislamu hufundishwa wasinoe kisu mbele ya mnyama, nasi wengine tufuate, kwani mnyama mtulivu hutoa damu vizuri.

Wakati wa kuchuna, tope na mchanga wa kwenye manyoya hula makali. Safisha manyoya kwanza, na unapofungua ngozi kata kutoka ndani kwenda nje. Kisu kikianza kukokota, simama, kipitishe mara chache kwenye chuma cha kunolea. Hicho hunyoosha makali yaliyolala, hakichukui nafasi ya jiwe. Kwa mbuzi na kondoo, ukishafungua tumbo na miguu weka kisu pembeni, sukuma ngozi kwa ngumi. Ngozi yao ni nyembamba mno.

Na mnyama aliyekufa ghafla, damu inamtoka puani au mkunduni? Huyo usimguse kwa kisu chochote, kikali wala butu. Inaweza kuwa kimeta. Mwite mtaalamu wa mifugo.

Ukimaliza kazi, osha kisu kwa maji moto na sabuni, kikaushe, kipake mafuta kidogo na kukifunga kwenye ala iliyo kavu. Ala yenye unyevu hukitia kutu usiku huohuo.