Mgonjwa wa Saratani Asiachwe Peke Yake
(Mazungumzo na wanakisomo wa Kihagara)



Leo tuzungumze juu ya mgonjwa wa saratani. Majirani wengine humkimbia, wakiogopa kuambukizwa. Wengine husema karogwa. Jamani, saratani haiambukizwi kwa kukaa na mgonjwa wala kwa kula naye.

Uingereza alikuwapo muuguzi, Cicely Saunders. Mgongo ulimsumbua, akaacha uuguzi. Baadaye akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua nyumba ya wagonjwa mjini London. Aliwasikiliza sana wagonjwa wake. Akafundisha kwamba maumivu yao ni manne: ya mwili, ya moyo wenye hofu, ya shida za nyumbani, na ya roho.

Mafundisho hayo yalifika kwa jirani zetu Uganda. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha huduma hiyo huko, pamoja na muuguzi Rose Kiwanuka. Wauguzi huwafuata wagonjwa majumbani na dawa ya maji ya mofini, ya kutuliza maumivu.

Je, sisi tufanye nini? Maumivu ya mwili tuyawahishe zahanati, na hospitali. Hayo matatu tunayaweza wenyewe. Tumlimie shamba. Tumpelekee usipa. Tumsomee barua za wanawe, tumwandikie majibu. Kusoma si tunajua sasa? Akitaka sala, tumwite kiongozi wa dini yake. Akilia, tusimkatize. Tukae naye.