Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Tuwaondoe Kunguni kwa Pamoja

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa parokia)



Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mikopo ya kikundi. Tutazungumza juu ya mgeni ambaye hakualikwa, anayekula usiku, na mchana hajulikani aliko. Tunaona wengine wameanza kucheka. Ndiyo, ni kunguni.

Kwanza tuungame. Wakati mmoja tulikuwa na semina ya siku tatu, na ofisi yetu ikaleta magodoro ya kulalia. Wiki kadhaa baadaye akina mama wa kikundi kimoja wakaanza kukosa mikutano. Sisi tulidhani wamechoka na michango. Tulipowatembelea, mama mmoja alitutolea viti nje, hakutaka tuingie ndani. Tulikaa sana naye, mwishowe akasema: "Nyumba yangu imeingia kunguni. Naogopa mmoja atatembea kwenye leso yangu mbele ya wenzangu."

Tuliporudi ofisini tukafungua mishono ya magodoro yetu. Walikuwa humo! Sisi tuliofundisha usafi ndio tuliowasambaza. Na yule mama hakuwa peke yake. Nyumba sita za kikundi kile zilikuwa na kunguni, na kila mmoja alijificha akidhani ni yeye tu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

KUNGUNI SI AIBU

Kunguni hatafuti uchafu, anatafuta damu. Haulizi kama nyumba ni ya mawe au ya udongo. Huingia kwa godoro la kununua kuukuu, kwa sanduku la mwanafunzi wa bweni, kwa kiti cha matatu, au kwa nguo za mgeni. Hana mabawa, kwa hiyo hubebwa na sisi wenyewe.

Wengine huuliza kama analeta ukimwi au malaria. Wataalamu hawajapata ushahidi kwamba kunguni hueneza magonjwa hayo. Lakini hasara yake ni kubwa. Mtoto halali, halafu anasinzia darasani. Anajikuna mpaka ngozi inafanya vidonda. Na wakiwa wengi sana, wanaweza kumpunguzia mtoto damu.

TUMJUE ADUI

Kunguni mzima ni bapa, rangi ya kahawia, urefu wake kama milimita 5. Hujificha penye ufa: kwenye chaga za kitanda, mishono ya godoro, nyuma ya picha, na nyufa za ukuta. Utamjua kwa vidoa vyeusi kwenye shuka na mbao za kitanda.

Jike hutaga yai moja hadi matano kwa siku. Mayai huanguliwa kwa siku 6 hadi 10 hivi, na penye baridi huchelewa zaidi. Tena kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo kuhama nyumba wiki mbili hakusaidii kitu.

SUMU INAYOTUUA SISI

Tunajua nyumba moja ambapo baba alinyunyiza kitandani dawa ya kuogeshea ng'ombe. Usiku ule ule mtoto akatapika na kutokwa na mate mengi, akakimbizwa hospitali. Alipona, tunamshukuru Mungu. Na kunguni? Walirudi baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai yalibaki.

Tafadhali, wapendwa, dawa ya shamba au ya mifugo isiingie chumba cha kulala. Vidonge vya kuhifadhia mahindi ni hatari zaidi. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua watu, na hospitali haina dawa ya kuizima sumu hiyo. Mafuta ya taa nayo huchoma nyumba, hasa penye koroboi.

Ukilazimika kununua dawa, nunua ile yenye karatasi ya maelezo inayosema ni ya kunguni na ya ndani ya nyumba, na yenye namba ya Bodi inayosimamia dawa za wadudu (PCPB). Usikubali kupimiwa dawa kwenye chupa ya soda. Mtu akimeza sumu usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali pamoja na chombo cha dawa. Tena tujue kwamba katika nchi nyingi kunguni wamezoea dawa za jamii ya pareto, kwa hiyo dawa peke yake mara nyingi haitoshi.

KAZI YENYEWE

Kinachoua kunguni na mayai yake bila sumu ni joto kali. Tufanye hivi:

1. Toa kila kitu nje. Fungua kitanda chote. Mwagia chaga na viungo vya kitanda maji yanayochemka, watoto wakiwa mbali.

2. Chemsha shuka na nguo. Blanketi liloweke kwenye maji ya moto sana. Kuanika tu juani hakutoshi, maana kunguni hukimbilia upande wa kivuli.

3. Piga mishono ya godoro kwa burashi ngumu juu ya beseni la maji ya moto yenye sabuni. Godoro lililoharibika kabisa lichomwe, usimpe jirani.

4. Kandika nyufa zote za ukuta kwa udongo. Hii ni kazi ambayo mama mmoja haiwezi kwa siku moja, lakini watu kumi wanaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

5. Sogeza kitanda mbali na ukuta. Weka kila mguu ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo, na blanketi lisiguse chini.

6. Rudia yote baada ya siku 10 hadi 14, kuwapata walioanguliwa. Halafu rudia tena mara ya tatu. Wengi hushindwa hapa, kwa sababu wakilala vizuri wiki moja wanadhani vita vimekwisha.

Kuna mtego mmoja tunaoweza kuujaribu, maana shamba tunalo. Katika nchi za Balkani huko Ulaya watu walizoea kutandaza majani mabichi ya maharagwe chini ya kitanda usiku. Asubuhi waliyaokota yakiwa na kunguni wakayachoma. Mwaka 2013 wanasayansi wa Marekani walieleza sababu: vinyweleo vya jani ni kama ndoana, humchoma kunguni miguuni akanasa. Majani yakikauka hayafai tena. Huu ni msaada tu, hauchukui nafasi ya maji ya moto.

TUFANYE PAMOJA

Kikundi kile cha nyumba sita kilipanga zamu kama ya merigoraundi. Badala ya pesa, walizungusha kazi: kuni, sufuria kubwa na mikono. Walimaliza nyumba zote ndani ya wiki moja, wakarudia mara mbili. Ukisafisha yako huku ya jirani imebaki, watarudi kwa mlango ule ule. Sisi nasi magodoro yetu sasa tunayakagua kabla na baada ya kila semina. Nanyi mtukague.

Na yule mama wa viti vya nje? Sasa mikutano hufanyika kwake, ndani.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni jambo gani tunaloficha kwa aibu, na kumbe tunalo wengi?
2. Nyumbani kwetu dawa za shamba zinawekwa wapi? Mtoto anaweza kuzifikia?
3. Tutaanza na nyumba ya nani, na lini?

Mungu awabariki, na mlale salama.