Ndege Aliyeanguka Shambani: Mada kwa Semina ya Wafugaji na Maafisa Ugani, Kata ya Issuna

Ndege wa kufugwa ni yule anayelishwa na kulala kwa mtu: njiwa kwenye kizimba cha mbao chini ya upenu, kanga, bata, na kuku wa kienyeji anayeitangaza Singida hadi masoko ya Dar es Salaam. Ndege pori ni wengine wote. Kila mshiriki analijua hilo, kwa hiyo mada inalipita.

Hata kideri hakihitaji hotuba ndefu. Chanjo ya I-2 inastahimili joto na hutolewa tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai, ndiyo maana mwenye kuku kumi huona hasara kuinunua peke yake. Dawa yake ni majirani kuchanga na kuchanja siku moja. Wenye njiwa nao wajihadhari: njiwa anayepinda shingo na kuzunguka papo hapo huenda anaugua virusi vya jamii hiyohiyo, asinyweshwe kwenye chombo kimoja na kuku.

Kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa, Agapornis fischeri, ana habari yake. Asili yake ni kaskazini-kati mwa Tanzania, Singida ikiwemo, na mwaka 1987 ndiye ndege pori aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote katika biashara ya kimataifa. Mei 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Sheria ya wanyamapori Na. 5 ya 2009 nayo hairuhusu kumkamata wala kumfuga ndege pori bila kibali, awe na bawa zima au lililovunjika.

Hapo, kwa ndege pori aliyeumia, ndipo mtoa mada anapotaka kukaa.

Kwelea kwelea wakivamia mtama na uwele, mkulima huomba ndege ya kunyunyizia. Jua likizama, malalo yao hurushiwa fenthioni, sumu inayovuruga mishipa ya fahamu. Wengi hufa usiku huohuo. Wengine huruka wakiwa wamelegea na kuanguka mbali, na kwa mwewe, bundi au korongo hicho ni chakula kisicho na jasho. Kesho yake kipanga anakutwa kati ya mabua: kucha zimekunjamana, mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa nukta, mwili unatetemeka. Mtoto anamrushia jiwe. Akiwa bundi, hata mtu mzima humrushia, kwa sababu ya uchawi anaodhaniwa kuuleta.

Mada haikusudii kunyooshea kidole idara yoyote, na mkulima aliyelala njaa hawezi kuambiwa awahurumie kwelea. Ila ukweli usemwe. Sumu ni ya kilimo, ndege ni wa maliasili, sindano ni ya mifugo. Atropini, dawa inayotumika dhidi ya sumu za kundi la fenthioni, si ngeni kwa wataalamu wa mifugo, kwa kuwa ng'ombe nao hudhurika na dawa za kuogeshea. Pamoja na hayo kipanga hufia mlangoni huku kila mtaalamu akimtaja mwenzake. Semina zimekuja na kwenda, makabrasha yamegawiwa, na pengo hilo bado lipo.

Duniani angalau kuna hatua. Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubali kuiweka fenthioni ya kunyunyizia kwa matone madogo sana kwenye orodha ya kemikali zisizoingizwa nchini bila nchi husika kuarifiwa na kuridhia. Hiyo si marufuku. Karibu zaidi, Kondoa, watu huwatega kwelea kwa nyavu wakawala na kuwauza. Njia hiyo haimalizi kundi kubwa, lakini haimuui bundi kwa sumu.

Mapendekezo ni mengi kuliko nguvu ya kata, na mengine yamesemwa hapo juu, ila yarudiwe. Tarehe ya kunyunyizia itangazwe msikitini, kanisani na shuleni, na mizoga ikusanywe na kuzikwa asubuhi, isiliwe na mtu wala mbwa. Ndege aliyelegea ashikwe kwa glavu au mfuko wa plastiki, atiwe kwenye boksi lenye matundu, gizani, penye joto la kiasi. Asiminywe kifua, maana ndege hupumua kwa kukipanua na kukizuia ni kumnyonga. Asimiminiwe maji mdomoni wala kulishwa ugali. Boksi hilohilo linamfaa bundi aliyegongwa na lori kwenye barabara ya Manyoni–Singida. Kinda lisilo na jeraha lirudishwe kiotani. Mama yake hatalikataa kwa sababu limeguswa. Wakifa ndege wengi bila kunyunyiziwa, wasiguswe, taarifa itolewe siku hiyohiyo. Chanjo ya kideri ichangiwe. Nyavu zijaribiwe kabla ya sumu pale kundi linapokuwa dogo.

Pendekezo kubwa ni moja, na gharama yake ni kikao cha asubuhi moja: afisa mifugo wa kata aandikiwe barua na halmashauri, kwa kukubaliana na mamlaka ya wanyamapori, imruhusu kumpokea na kumtibu ndege pori aliyeumia hadi atakapochukuliwa. Wajumbe wa kata waliomo humu wanaombwa kuiingiza ajenda hiyo kwenye kikao kijacho, kabla mtama haujachanua.