Isale na Kesi ya Mtoto



Swali linaloulizwa katika mikutano ya vijiji ni fupi: aliyembaka mtoto akihukumiwa, je, anaweza kupewa kifungo cha nje? Mzazi wa mtoto huliuliza kwa hofu, na ndugu wa mshtakiwa huliuliza kwa matumaini. Wote wawili wanastahili jibu lile lile.

Kifungo cha nje kipo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 humruhusu mkosaji kufanya kazi za umma badala ya kukaa gerezani, lakini kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Kubaka hakumo. Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, mtu mzima anayembaka msichana wa chini ya miaka 18 hafungwi chini ya miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Hakimu hana uhuru wa kuipunguza adhabu hiyo. Bodi ya Parole nayo, kwa sheria ya mwaka 1994, haimgusi mfungwa wa maisha.

Mlango unaobaki ni msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Wengi wanakumbuka tarehe 9 Desemba 2017, aliposamehewa mwanamuziki Nguza Viking pamoja na mwanawe Johnson, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kubaka watoto wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam. Msamaha si parole: usipowekewa masharti, anayetoka haripoti kwa ofisa yeyote.

Uangalizi wenyewe hutumika zaidi pale mkosaji anapokuwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfunga mtoto gerezani. Mahakama humwachia kwa masharti, au humweka chini ya uangalizi, au humpeleka Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya.

Basi mtu mzima aliyetuhumiwa akionekana tena njiani siku chache baada ya kukamatwa, si kifungo cha nje. Ama yuko kwa dhamana, ama kesi imekufa. Na kesi nyingi za namna hii hufia nyumbani.

Wazee hukutana mgombani. Huletwa mbege, huletwa mbuzi, kisha jani la isale, na kwa desturi ya Wachaga anayeombwa msamaha kwa isale hakatai. Desturi hiyo imepatanisha ndugu waliogombania mpaka wa kihamba kwa miaka mingi, na hakuna sababu ya kuidharau. Lakini katika kosa hili mlalamikaji ni Jamhuri, ambayo haikuketi kwenye kikao hicho. Aliyepokea isale ni baba; mtoto hakuulizwa. Baada ya hapo mama huambiwa asimpeleke mtoto mahakamani. Kesi huahirishwa mara ya kwanza, mara ya pili, na mwishowe mshtakiwa huachiwa kwa kukosa mashahidi.

Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi tu kusema kweli. Mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, ushahidi wake peke yake unaweza kumtia mtu hatiani hata pasipo shahidi mwingine. Asipofika, hakuna wa kuijaza nafasi yake.

Mtoto apelekwe hospitalini kabla ya kuogeshwa, na nguo zake zisifuliwe. Taarifa ifikishwe Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa Simu ya Mtoto namba 116, ambayo hailipiwi. Mwenyekiti wa kitongoji anayealikwa kwenye kikao cha usuluhishi wa jambo kama hili naye anapaswa kutoa taarifa, hata kama mbuzi amekwisha kuchinjwa.